Fumua

Nilifika Bombo Alhamisi, na daftari jipya
la kurasa tisini na sita, na kalamu mbili, moja ya akiba.
Juu ya ukurasa wa kwanza nilikwisha andika
USUFI NI NINI?
nikaupigia mstari kwa rula.

Hajati Kaltuma hakuutazama mstari.
Alikuwa barazani, miguu kainyoosha, anashona kikapu,
na malori ya Gulu yakipita nyuma ya ua
yakitetemesha vikombe kwenye sinia.
"Mastula, shika hii."
Akanipa sindano, na ukindu uliotiwa rangi nyekundu,
na kitovu cha kikapu, kidogo kama kifungo.
"Zungusha. Kila duara lishike lililotangulia.
Lisiposhika, hata ukizunguka mwaka, hukusuka kitu."

Nikauliza kama nilivyosoma:
sheria, tarika, hakika, zinatofautianaje?
Alikata uzi kwa meno.
"Alfajiri unaisali?"
Nikasema zamu za usiku, zahanati, wagonjwa…
"Basi anzia hapo.
Dari utaiulizia ukishakanyaga sakafu."

Kambini tarumbeta ikalia, ya jioni.
Akainua kidole, tukasikiliza mpaka ikakoma.
"Askari huamshwa na hiyo. Asipoamka, ataadhibiwa.
Lakini mama mwenye mtoto mchanga
huamka kabla mtoto hajalia,
na hakuna aliyempigia tarumbeta.
Mimi nilisali miaka ishirini kama askari.
Si vibaya. Askari naye huamka."
Hakusema zaidi. Nilingoja. Hakusema.

Nikazunguka. Duara la tano, la sita, la saba,
yangu yakinyooka kama kitabu cha hesabu.
Kando yangu Hajra, mjukuu wake,
kikapu chake kimepinda kama sikio la mbuzi.
Nikatazama chake, nikatazama changu.
Nikatazama tena.

"Fumua," akasema Hajati.
Kumwambia Hajra? La, mimi.
"Lakini kimenyooka!"
"Kimenyooka, naona.
Duara la saba umelishona kwa ukindu,
na jicho lako umelishonea kwa Hajra.
Uliniuliza nafsi ni nini. Ndiyo hiyo. Iandike."
Nikatafuta daftari.
Lilikuwa chini ya birika la kahawa ya tangawizi.

Nikafumua. Ukindu uliokwisha kunjwa haunyooki tena,
unabaki na kumbukumbu ya kila kosa.
Hajra akanicheka kidogo, kisha akanisaidia.

Baada ya Isha wakaja wanawake kumi na mmoja,
muuza mandazi, mwalimu, mke wa sajini,
wakaketi duara mkekani, goti kwa goti.
La ilaha illa Llah.
Kwanza ulimi tu, nami ninahesabu.
Kisha kifua. Kisha sijui.
Niseme kweli: sikuona nuru.
Mguu ulikufa ganzi, mtoto wa mtu alitapika,
na mbu wa Bombo hawana adabu ya ibada.
Ila mwishoni niligundua
kwamba malori sikuyasikia,
na hesabu ilinipotea kwenye mia tatu na kitu
bila mimi kuitafuta.

Nikamnong'oneza: "Hajati, hiyo ndiyo fanaa?"
Akanitazama usoni, kwa huruma hasa.
"Hiyo ni njaa. Kula."
Akanisogezea sahani ya maharage,
na alipoona sili haraka
akanimegea mkate kwa mkono wake,
mkono wenye matundu ya sindano yasiyohesabika.

Asubuhi nilipanda gari la kurudi kazini,
kikapu cha maduara manne mfukoni.
Daftari nililifungua Kawanda:
kwenye swali langu birika limeacha pete ya kahawia,
mviringo kamili, katikati pako wazi.
Sijaandika kitu hapo.
Alfajiri ya leo niliamka.
Kwa saa ya kengele, lakini niliamka.