Kwa Radek, Kabla ya Jumanne

Kwanza, utafika mapema mno.
Sisi madereva wa tramu ndivyo tulivyo:
dakika ikituponyoka, tunaisaka hadi usingizini.
Utasimama chini ya jengo, mtaa wa Kilińskiego,
ukijifanya unasoma tangazo la paka aliyepotea.
Paka yule kapotea tangu Machi.
Panda. Ghorofa ya tatu, lifti mbovu,
na hiyo ni heri: ukifika juu unahema,
nani atajua kama ni ngazi au ni hofu?

Anaitwa Bi Halszka. Mfupi, soksi za rangi mbili,
sijui ni kwa kusudi au kwa kusahau.
Ataanza na mambo ya karatasi: unalala saa ngapi,
unakunywa kiasi gani, umewahi kutaka kufa?
Ataliuliza hivyohivyo, kama anayeuliza
kama nje kunanyesha.
Mimi nilisema "hapana" upesi,
kama ninavyofunga mlango wa behewa.
Wiki ya nne nilirudi kuufungua.

Mlangoni pameandikwa: Mshauri.
Basi nikakaa kungoja ushauri,
kalamu mkononi, daftari jipya.
Hakunipa hata mmoja.

Nilimweleza habari ya kijana,
kofia nyekundu, macho kwenye simu, kengele, breki,
ile sauti.
Kwamba kijana yu hai, anatembea, ananunua mikate,
ila mimi ndiye niliyebaki pale relini.
Nikanyamaza ili aseme si kosa lako.
Wote wameshaniambia si kosa lako:
mkaguzi, padri,
dada yangu wa Pabianice huku akimenya viazi.
Yeye akauliza,
"Na mikono yako, Bogumiła, wakati ule ilikuwa wapi?"
Nikaitazama.
Miezi kumi na mmoja, Radek, ilikuwa bado imeshika breki.
Nikinywa chai, imeshika. Nikioga, imeshika.
Nikimwashia mama mshumaa kaburini,
imeshika.

Utakasirika. Mimi nilipiga hesabu:
kwa pesa zile ningepata viatu vya baridi.
Siku moja niliongea habari ya viatu dakika hamsini nzima,
naye akavisikiliza viatu vyangu
kama watu wanavyosikiliza Injili.

Leso zipo mezani. Usizione kuwa amri.
Kwake sikulia. Nililia Jumatano, sokoni,
mbele ya pipa la matango ya siki,
muuzaji akadhani ni bei, akanipunguzia.

Kutakuwa na ukimya.
Unaujua ule wa kituo cha mwisho,
abiria wote wameshuka, taa zinawaka juu ya viti vitupu?
Ndio huohuo. Usiukimbilie kuujaza.

Halafu atasema, "Tuishie hapo kwa leo,"
nawe una neno nusu mdomoni.
Nilidhani ananifukuza. Nilishuka ngazi nikiapa sirudi.
Lakini mimi na wewe, ni nani aelewaye ratiba kutushinda?
Tramu haimwachi mtu kwa kumchukia.
Itapita tena hapohapo, Jumanne, saa ileile.

Sijakuuliza yaliyokupata.
Nimeona tu unavyokula peke yako karakana,
uso umeuelekeza ukutani.
Wala sitakudanganya kwamba nimepona.
Nikiona kofia nyekundu, goti bado linatetemeka.
Ila sasa ni goti tu.
Zamani ulikuwa mji mzima.

Chukua sweta, dirisha lake halifungi vizuri.
Na njiani ukimwona paka wa kijivu, sikio moja limepasuka,
mwite Knedel.
Akigeuka, nipigie.
Namba ya mwenyewe ninayo, niliinakili siku ile ya kwanza
nilipokuwa nimesimama pale chini
nikitafuta sababu ya kutopanda.