Rangi ya Tano

Msasa kwanza, wamesema, kisha simenti laini,
kisha nyeupe. Duka la dawa halitaki rangi nyingine.
Jumatatu friji za chanjo zinaingia.
Basi nipo juu ya jukwaa la mirunda,
nakwangua kona hii ya Mtaa wa Mkwepu
kama mtu akwanguaye ukoko.

Ya juu ni samawati ya wokovu.
Miaka kumi na moja waliimba humu.
Kaunta ya mninga iliwashinda kuing'oa,
wakaitandika kitambaa, wakaiita madhabahu.
Muuza kahawa wa ng'ambo ya barabara anasema
hakuona tofauti:
watu waliingia na mizigo, wakatoka wakipepesuka.

Chini yake damu ya mzee,
rangi ya enzi za ruksa, ya taa zinazozunguka darini.
Ilipakwa kwa haraka, inabanduka yenyewe.

Chini yake kijani cha Msajili wa Majumba.
Na chini kabisa, ngumu kama jino,
rangi ya maziwa ya Bwana Stavridi,
aliyechora kwa saruji juu ya mlango 1938
akauza bia baridi kwa wenye kofia ngumu.
Weusi walikuwa na dirisha, upande wa jikoni.
Limezibwa kwa matofali, lakini kizingiti chake
kimelika katikati, kina bonde,
bonde la viwiko vya wapishi na maboi
waliotumwa barafu wakaambiwa ngojeni.

Nyuma ya kaunta, usawa wa kiuno,
msasa umegoma.
Kwenye kijani mtu ameandika kwa msumari:
KANDORO 3. SHEMEJI WA POSTA 2. SAJINI 7.
Na S zote zimegeuka, zinatazama nyuma
kama mtu aliyeitwa njiani.

Naijua S hiyo.
Iliandika SKOLASTIKA kwenye daftari langu la darasa la kwanza,
palipotakiwa sahihi ya mzazi.
Aliipata kwenye kisomo cha jioni, na mwalimu hakuirekebisha;
alisema, unasomeka, mama, inatosha.

Alitoka Keko na khanga mbili,
akabadili gauni nyuma ya makreti.
Sisi tulijua mama anafanya kazi mjini.
Mjini, kwetu, ilikuwa harufu ya limau vidoleni mwake
alipotufunika usiku.

Nimehesabu ukuta mzima: chupa arobaini na tatu.
Zama za mgao, huna tupu hupewi iliyojaa,
na mwisho wa mwezi meneja alikata mshahara,
maana deni la mlevi hulipwa na aliyemmiminia.
Sasa nimejua viatu vyangu vya darasa la nne
kwa nini vilifika nikiwa la tano.

Nimempigia. Yupo Matombo, anapalia migomba,
simu inakwenda na kurudi na upepo wa Uluguru.
Mama, nipo baa. Baa ipi? Yenu.
Kimya. Kisha: kaunta ipo?
Ipo. Na ukuta upo. Nimesoma majina.
Akacheka kile kicheko cha pembe ya mdomo.
Huyo Sajini umemkuta na ngapi?
Saba.
Si saba. Alirudi vitani sikio moja, hana senti,
lakini mkesha wa Krismasi alilipa mbili.
Nilipitiwa, sikufuta. Zifute.

Mama, saa hizi naziba ukuta wote.
Kuziba ni kuziba, akasema. Mimi nimesema futa.

Chini, Nyagawa anagonga mrunda:
fundi, umelala huko?
Nimetafuta msumari kwenye vumbi, nimekata saba,
pembeni nimechora tano, pole pole,
mkono ukitetemeka kama wa mwanafunzi.
Ndipo nikachota simenti laini.

Saa tisa nyeupe imekauka.
Mwenye duka amepitisha kiganja, ameridhika:
safi, haina hata kovu.