Tangi Namba Thelathini na Moja

Montevideo, Julai, baridi ya kung'ata masikio.
Ghorofa ya tatu, nyuma ya mlango unaokwaruza sakafu,
Dkt. Nélida Etchegoyen anasikiliza samaki.

Si mzaha. Samaki hawa, wembamba kama mshipi,
waliovuliwa kwenye madimbwi ya magugu huko Rocha,
hutoa umeme usioweza kuwasha hata taa ya baiskeli;
lakini tumbukiza waya mbili majini, unga na spika,
utausikia: trrrrrrr,
cherehani ya fundi aliyekabwa na sikukuu.

Weka wawili tangi moja. Ondoa kioo cha kati.
Dakika tatu za meno na mikia,
kisha mmoja ananyamaza.
Hafi. Hana hata jeraha la kutajika.
Ananyamaza tu,
na mshindi anazunguka akijitangaza peke yake.

Kimya kile hukaa wapi?
Miaka kumi na tisa amekitafuta
katika ubongo usiozidi punje ya mchele,
anaukata vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
anainamia darubini hadi shingo inalia,
na pale, ukingoni mwa seli, vipokezi vinang'aa kijani
kama madirisha ya mji unaouona kutoka ndegeni usiku.

Vitabu vinasema: kufuli na ufunguo.
Yeye hapendi. Kufuli haina maoni.
Sema mlango, anasema, na serotonini nje yake, inaomba kuingia.
Lugha yake haina neno la ombi hilo; namkopesha letu: hodi.
Kuna nyumba huitikia kabla ya hodi ya pili.
Kuna nyumba hodi tatu hupita, na mgeni akaenda zake.
Na dawa anayowadunga samaki ni yule jamaa
aketiye kizingitini, haingii, hatoki,
kila ajaye nyuma yake anakuta njia imezibwa.

Anayeosha matangi ni Wilmar Bentancor.
Miaka ishirini na sita alikuwa kiwanda cha sufu,
hadi lango lilipofungwa kwa mnyororo na karatasi moja.
Akarudi nyumbani, akavua buti, akakaa.
Miezi kumi na moja.
Mkewe Zulma akazoea kujibu maswali yake mwenyewe.
Hata leo hujijibu.

Saa nne asubuhi wanakunywa mate
(kwetu neno la kinywani tu, kwao chai chungu),
kibuyu kimoja, mrija mmoja, wanapokezana bila kupangusa.
Wilmar anakishika kuliko adabu inavyoruhusu.
"Daktari. Yule aliyeshindwa. Ni hicho kipokezi?"

Anajua haulizwi habari za samaki.
Ndiyo ingekuwa zawadi: si wewe, Wilmar, ni kemia.
Hapana nayo ingekuwa zawadi.
"Nina jozi arobaini," anasema.
"Kuhusu samaki, nakaribia kujua.
Kuhusu mtu, sina hata tangi la kumtosha."
Wilmar anacheka puani. Kibuyu kinarudi.

Alhamisi, tangi namba thelathini na moja.
Huyu alishindwa vibaya, na hakupewa dawa,
sindano ya maji ya chumvi tu, ya kulinganishia.
Alipaswa kunyamaza hadi kesho yake.
Saa mbili usiku Wilmar anapiga deki, na spika: tr.
Anasimama na dekio mkononi.
Tr. Trr.
Anampigia simu daktari, asijue aseme nini,
basi anaisogeza simu kwenye spika.

Mwanafunzi, Ramiro, anataka nukta hiyo ifutwe:
imekaa mbali mno na mstari, inaharibu mchoro.
Nélida anaiacha. Kando yake, kwa penseli:
sababu sijui.

Usiku ule Wilmar alifika amechelewa, viatu vimelowa.
Zulma akauliza, kwa mazoea, supu imekolea?
na kwa mazoea akafungua mdomo ajijibu.

"Chumvi imepungua," akasema Wilmar.