Mtu Ndani ya Kengele

Picha ya kwanza niliyopiga ilikuwa ya kidole changu.
Ya pili, kidole na nusu ya gurudumu.
Ya tatu ilikuwa baiskeli nzima, lakini nyeusi
kama iliyopigwa usiku ndani ya gunia,
na chini yake nikaandika: INAUZWA, HALI NZURI.
Wiki mbili hakuna aliyeuliza hata bei.

Mimi ni fundi, Ngamiani, barabara ya kumi na tatu.
Mikono hii hunyoosha rimu kwa kusikiliza,
spoki moja moja,
kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.
Lakini simu ya kupangusa inanikataa:
nagusa hapa, inafunguka kule.

Akaja Mwanakheri wa duka la dawa, pancha, tairi la nyuma.
Mimi natafuta tundu kwenye beseni la maji,
yeye kaiokota simu, kaitazama, kacheka kwa pua.
"Fundi Semboja, kamera umeipaka grisi."
Akaifuta kwa ncha ya mtandio.
Basi. Nusu ya ugonjwa ilikuwa hiyo.

Nusu ya pili alinitibu gundi ikikauka.

Itoe humo ndani, mgonjwa hapimwi gizani.
Ila si jua la saa saba, hilo linakwangua rangi;
iegemeze pale kwenye ukuta wa chokaa,
kivulini, lakini kivuli chenye nuru.
Ondoa ndoo. Ondoa kandambili. Ondoa yule kuku.
(Kuku alirudi. Yumo katika picha sita.)
Usivute kwa vidole, fundi, miguu unayo;
ukivuta, picha inatoka madonge
kama uji wa mtu mwenye haraka.
Sogea. Chuchumaa. Baiskeli nayo ina kimo chake,
ukiipiga kutoka juu unaidharau.
Gusa kioo pale unapotaka paonekane, ngoja simu ielewe.
Viwiko ubavuni. Shika pumzi.
Sasa.

Nikashika pumzi hadi masikio yakavuma.

Nilipotaka kuugeuzia ukuta upande wenye kutu
akaukamata usukani:
"Na kutu uipige. Kwa karibu.
Aliye mbali hana mikono ya kupapasa,
ana macho tu, na hayo unamwazima wewe."

Sikutaka hela ya pancha. Akaiacha juu ya benchi.
Somo ni somo, akasema, pancha ni pancha.

Saa kumi jua likalegea, nikapiga peke yangu.
Arobaini na moja.
Nikafuta thelathini na nane, na kila moja iliniuma
kama kutupa nati nzima.
Zikabaki tatu: fremu yote;
kutu, chini ya pedeli;
na kengele, ile ya nikeli
niliyoisugua kwa majivu na ndimu.

Kesho yake, chai haijachemka, mtu wa Muheza akapiga.
Hakuanza na bei.
"Kutu nimeiona. Haijala ndani. Sawa."
Kisha kimya, kama mtu anayekodoa.
"Na huyu mzee aliyemo ndani ya kengele, ni nani?"

Mzee gani?

Nikaifungua picha. Nikavuta kwa vidole, ingawa nimekatazwa.
Kweli yumo. Mdogo kama punje ya mtama.
Ukuta umepinda nyuma yake,
barabara ya kumi na tatu yote imejikunja kama ukucha,
na yeye kachuchumaa, kofia imekwenda upande,
viwiko ubavuni, mashavu yamejaa:
kashika pumzi.

Miaka thelathini na moja nipo kwenye kibaraza hiki.
Picha zangu zote ni za harusi za watu,
nimesimama pembeni, shati la kuazima.
Hakuna hata moja yenye mimi kazini.

Baiskeli ilikwenda Muheza Jumamosi, juu ya keria ya basi.
Kengele ilikwenda nayo, mali ya mtu ni mali ya mtu.
Picha nimebaki nayo. Naifungua wateja wakipungua,
namtazama yule bwana anavyojitahidi.
Na nyuma yake, ukikodoa sana,
mkia tu:
kuku.