Chupa ya Misumari

Lori la Dar halikuja Jumatatu.
Jumanne tenga likashuka hadi elfu tatu,
Jumatano dalali akaacha kupokea simu.
Nyanya hazijui kusubiri:
ziliiva Kahe shambani,
zikaiva ndani ya matenga,
zikaiva usiku tumelala,
na asubuhi, uwani kwetu Msaranga,
nzi wakafika kabla ya mnunuzi.

Shangazi Ndeonansia hakumlaani mtu.
Alifunga kanga ya pili juu ya ile ya kwanza,
akamtuma Mkunde nyumba hadi nyumba
kuomba chupa: za asali, za siagi ya karanga,
na ile ya kahawa ambamo Babu
alihifadhi misumari tangu sijazaliwa.
Misumari ikahamia kwenye kopo. Babu akanuna.
"Kila chupa na kifuniko chake," Shangazi alionya,
"kifuniko cha jirani hakikufungii."

Mimi nilipewa kumenya.
Unaichanja nyanya msalaba kitakoni,
unaitosa maji ya moto, unahesabu ishirini,
unaihamishia maji ya mferejini,
yale yanayoshuka na baridi yote ya mlima,
na ngozi inavuka yenyewe
kama soksi ya mtoto aliyesinzia.
Matenga manne hivyo.
Mpaka vidole vikakunjamana vikawa vya Babu.

Sufuria ilikuwa ile ya jumuiya,
ile inayotoka stoo watu wakifa.
Mama Anasia akachungulia juu ya ua,
mkono kifuani:
"Jamani, nani katutoka?"
Shangazi, bila kuacha mwiko:
"Nyanya."

Vitunguu, tangawizi, chumvi ya mawe,
kijiko cha ndimu kila chupa,
("usipoweka ndimu usije kunililia").
Maembe mabichi yakaingia pilipili na mafuta.
Juu ya bati la banda la mbuzi
majani ya kunde yakakauka
hadi yakawa yanaongea ukiyashika.
Maparachichi hayakubali kuwekwa;
hayo tuliyala tu, tumesimama,
juisi ya kila kitu ikitukauka mikononi.

Hazitalipa ada ya Mkunde.
Shangazi alisema hivyo mbele ya Mkunde,
akijifuta jasho kwa kiwiko,
kisha akaendelea kujaza.
Lakini Aprili, barabara ikiwa tope
na nyanya moja Mbuyuni ikiuzwa kwa bei ya yai,
sisi tutakuwa tunafungua Januari kwa ncha ya kisu.

Usiku umeme ukakatika.
Chupa thelathini na mbili mezani, juu ya kitenge.
"Msiziguse. Msizipepee. Kaeni."
Tukakaa gizani kama watu wanaosubiri habari.

Tik.

"Moja," akasema Shangazi.
Kifuniko kikipoa hujivuta ndani,
hubonyea katikati, hapo kimeshika.
Tik. Tik. Mkunde akahesabu kwa sauti,
kisha kwa midomo tu,
kisha akalala begani kwangu kwenye kumi na tisa.
Nilifika thelathini na moja.
Nikangoja sana.

Asubuhi kila mtu alijua ni ipi.
Shangazi akabonyeza kifuniko kwa kidole gumba,
kikaruka juu, kikashuka, kikaruka,
kama kinamcheka.
"Inayogoma kufungwa," akasema,
"ndiyo inayoliwa kwanza,"
akaimimina yote juu ya ndizi za mshare.

Ilikuwa na ladha ya chuma kwa mbali.
Babu akaongezewa mara mbili.