Fimbo ya Kunasia Farasi

Ndani ya hema simu haishiki mtandao.
Batjargal huifunga kwenye fimbo ndefu ya kunasia farasi,
huiinua juu ya theluji,
hungoja.

Alfajiri Oyunchimeg alijivika mkanda mkononi:
ukavimba, ukabana, ukashusha pumzi.
Mia sitini na mbili kwa mia na nne.
Naye alidhani kichwa kinamgonga
kwa moshi wa samadi.

Tingi!
Mkunga Dulmaa, kilomita tisini bondeni:
“Usingoje uchungu. Gari limeshatoka.”

Mama mkwe,
aliyezika vichanga viwili enzi za ukimya ule,
hasemi kitu.
Fimbo inaposhushwa
anavua skafu yake,
anaiviringishia simu,
isije ikashikwa na baridi.