Futi ya Fundi

Daftari langu lina twiga kwenye jalada,
limefungwa lastiki, limekunywa mafuta ya cherehani.
Ukurasa wa Shaabani, harusi ya Mikanjuni:
Somoe, kifua hamsini, kiuno arubaini na sita, nyonga hamsini na nne.
Mwanakheri, chini yake, nimeandika: kama huyo.

Kama huyo.
Wake wa ndugu wawili, nyumba moja Chumbageni,
sinia moja la wali wa nazi,
madera mawili yaliyokatwa kwa pigo moja la mkasi.
Wakipita Barabara ya Kumi na Mbili
kwa nyuma humjui nani ni nani.

Kisha Somoe akaenda Bombo na kidonda cha kidole,
akarudi na bahasha.
Sukari. Presha. Ini limejifunika mafuta
kama nyama ya siku ya Idi.
Mwanakheri alikwenda kumshikia pochi tu,
naye akatobolewa kidole kwa kuona haya kukataa.
Tabibu akakisoma kikaratasi, akakigeuza, akakisoma tena.
Hakina neno.

Mtaa una mahakama yake, nayo haiahirishi kesi.
"Somoe kajitakia, mwaya, kwa yale maandazi."
Maandazi! Nani alikuwa akiokota la mwisho?
Mimi nilikuwapo, nashona vifungo.
Alikuwa Mwanakheri.

Nami niliyecheka kidogo, kimoyomoyo,
mimi niitwaye Uzi,
nikapimwa siku ya bure pale Makorora,
nimefuata kivuli cha turubai, si kingine.
Kumi na moja nukta mbili.
"Mashine mbovu," nikasema.
Wakaleta nyingine.
Nayo ikawa na maoni yale yale.

Daktari Shekolowa hakunihubiria.
Aliivuta futi shingoni mwangu, akaikunja kiganjani:
"Hii yasema mwili ni mkubwa kiasi gani.
Haisemi mafuta yamelala wapi.
Kuna mwili wenye varanda pana, chini ya ngozi,
yakifika yanakaa huko kama wageni wenye adabu.
Na kuna mwili usio na varanda,
tone la kwanza tu limeshaingia chumbani,
limeketi juu ya ini, limeshika funguo.
Mengine ni ya bibi na babu. Mengine ya usingizi.
Mengine hatujui bado."
Hilo la mwisho alilisema polepole.

"Na Mwanakheri?"
"Arudi baada ya miezi sita. Varanda nayo hujaa."

Nyumba njema si mlango, tulifundishwa chuoni.
Miaka thelathini na moja napima milango.

Jana Somoe kaleta lile dera.
Siku hizi anatembea alfajiri hadi Raskazone,
mumewe anamwambia anajisumbua.
Amepungua inchi moja na nusu.
Mwanakheri anatembea naye, hatua kwa hatua,
hajapungua hata upana wa pindo.
"Nibanie," Somoe akasema, "ila usikate.
Kitambaa cha ziada kiache ndani,
hujui, wala mimi sijui."

Nikaligeuza dera, ndani likawa nje,
nikaweka pini, nikameza kidonge changu na maji ya jagi.
Kisha nikafungua ukurasa wa Shaabani,
nikafuta kama huyo,
nikamwita Mwanakheri asimame,
nikampima upya.